Malale na Ukuta wa Ubongo: Sura Moja ya Historia ya Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Neno "malale" limetokana na kulala, na kwa sababu hiyo limetupotosha kwa muda mrefu. Alisikiaye hudhani kwamba mgonjwa ni mtu mwenye usingizi mwingi tu. Lakini waganga waliowachunguza wagonjwa usiku na mchana wameona kwamba jumla ya saa za kulala haizidi sana ile ya mtu mwenye afya. Kilichoharibika ni mpangilio. Mgonjwa husinzia mchana, tonge likiwa bado mkononi, na usiku hukesha, hutembea-tembea, wakati mwingine hupiga kelele. Na mara nyingi, kabla ya dalili hiyo kuonekana wazi, tabia yake imekwisha kubadilika: aliyekuwa mpole amekuwa mkali, aliyekuwa mwangalifu wa mali yake hajali tena, aliyekuwa na haya hana haya. Jirani huona uvivu, mke huona ukatili, na mchungaji asiyefundishwa huona dhambi au pepo.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ugonjwa huu ulivyofika katika mwambao wa Ziwa Tanganyika mwanzoni mwa karne ya 20, jinsi ulivyoshughulikiwa, na kwa nini ulizishinda dawa kwa miaka mingi. Sababu kubwa ya kushindwa huko imo katika namna mfumo wa fahamu wa mwanadamu ulivyojengwa. Jambo hili halipasi kuachiwa madaktari peke yao. Mtumishi anayetumwa Ujiji, au Simbo, inapoanzia barabara ya kwenda Ilagala hadi Kalya, anatumwa katika nchi ambayo ugonjwa huu umeandika sehemu ya historia yake, na ambamo bado anaweza kumkuta mgonjwa wake amekaa kwenye benchi la kanisa, amesinzia.

Ugonjwa wenyewe ni wa kale. Mwanahistoria Ibn Khaldun, katika karne ya 14, aliandika habari za mfalme wa Mali, Mari Jata, aliyeugua ugonjwa wa usingizi kwa miaka miwili na kufariki yapata mwaka 1374. Mwaka 1803 daktari Mwingereza Thomas Winterbottom, aliyekuwa amefanya kazi Sierra Leone, aliandika kwamba wafanyabiashara ya watumwa walikataa kumnunua mtu mwenye tezi zilizovimba nyuma ya shingo, kwa kuwa walijua hataishi. Ni jambo la kusikitisha kwamba dalili hiyo ya kwanza ilitambuliwa sana na watu waliomtazama mwanadamu kama bidhaa. Hata hivyo walitazama vizuri, na miaka 100 baadaye waganga wa serikali za kikoloni walikuwa bado wanapapasa shingo zile zile.

Kwa upande wetu wa Afrika, msiba mkubwa ulianzia Uganda. Mwaka 1901 ndugu wawili madaktari, Albert na Jack Cook, waliwatambua wagonjwa wa kwanza katika hospitali ya misheni ya Mengo. Kufikia mwaka 1920 watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamekufa katika nchi zinazopakana na Ziwa Viktoria upande wa kaskazini na visiwa vyake. Mwaka 1902, huko Entebbe, Mwitaliano Aldo Castellani alichomoa maji kutoka mgongoni mwa wagonjwa, akayatazama kwa darubini, akaona vijidudu vyembamba vinavyojinyonga-nyonga kama samaki aliyetolewa majini. Mwaka uliofuata David Bruce aliunganisha vijidudu hivyo na mbung'o, nzi ambaye wengine humwita ndorobo.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo na kuuliza: kwa nini mgongoni? Kwa nini mtu anayesinzia atafutiwe ugonjwa wake katika maji ya uti wa mgongo?

Mfumo wa fahamu wa mwanadamu una sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni ubongo pamoja na uti wa mgongo, ambao ni kama mkia mrefu wa ubongo ulioshuka ndani ya pingili za mgongo. Ya pili ni neva, yaani mishipa ya fahamu, inayotoka humo kwenda kila upande wa mwili: mingine ikipeleka amri kwenye misuli, mingine ikileta habari za joto, maumivu, mguso na sauti. Ubongo una chembe za fahamu zinazokadiriwa kuwa bilioni 86. Mwaka 1906 Camillo Golgi wa Italia na Santiago Ramón y Cajal wa Hispania walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja kwa kazi yao juu ya chembe hizo, ingawa walipingana hadharani. Golgi aliamini kwamba zote zimeungana kama wavu mmoja. Cajal alionyesha kwamba kila chembe ni kitu kamili chenye mipaka yake, na kwamba habari huvuka kutoka chembe moja kwenda nyingine mahali zinapokaribiana. Cajal ndiye aliyekuwa na haki. Habari husafiri ndani ya chembe kwa nguvu ya umeme, na penye mwanya huvushwa kwa kemikali.

Ubongo na uti wa mgongo vimefunikwa na tando tatu, na kati ya tando hizo mna majimaji maangavu, yapata mililita 150 kwa mtu mzima. Ubongo unaelea ndani yake. Majimaji hayo yanazunguka ubongo na uti wa mgongo pia, kwa hiyo anayetaka kujua hali ya ubongo bila kulipasua fuvu anaweza kuchota chini, kiunoni. Njia hiyo ilianzishwa na Heinrich Quincke wa Ujerumani mwaka 1891. Wachungaji wengi wamesikia waumini wakisema kwamba sindano ya mgongo humpoozesha mtu, na wapo waliomtorosha mgonjwa wao hospitalini kwa hofu hiyo. Inafaa kujua kwamba kwa mtu mzima uti wa mgongo wenyewe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huchomwa chini ya hapo, mahali ambapo mna majimaji na nyuzi za neva zinazoning'inia na kusogea kando.

Ugonjwa wa malale basi una hatua mbili. Katika hatua ya kwanza vimelea vimo katika damu na tezi: mgonjwa ana homa zinazokwenda na kurudi, kichwa kinauma, tezi zimevimba. Katika hatua ya pili vimelea vimevuka na kuingia katika ubongo na majimaji yake. Hapo ndipo utu wa mgonjwa unapoanza kuguswa. Chini ya ubongo, mahali padogo paitwapo haipothalamasi, pana kundi la chembe linalopokea habari za mwanga kutoka machoni na kuuambia mwili huu ni usiku, huu ni mchana. Saa hiyo inapovurugwa, mtu analala jua likiwaka. Upo pia uchungu wa ajabu: akijigonga kidogo tu, maumivu hayaji papo hapo, bali huja baadaye kidogo, nayo huwa makali kupita kiasi. Daktari Mfaransa Jean Kérandel aliieleza dalili hiyo kutokana na mwili wake mwenyewe, kwa kuwa naye aliambukizwa malale.

Sasa turudi kwenye historia. Mwaka 1906 serikali ya Ujerumani ilimtuma Robert Koch, aliyekuwa amekwisha kupata sifa duniani kwa kugundua kijidudu cha kifua kikuu. Aliweka kambi yake katika visiwa vya Sese, upande wa Waingereza, kwa sababu huko wagonjwa walikuwa wengi. Dawa aliyoitumia iliitwa Atoxyl. Jina hilo lina maana ya "isiyo sumu", nayo ilitengenezwa kwa aseniki. Mwanzoni ilifanya ajabu: wagonjwa waliobebwa kwa machela waliinuka. Kisha ugonjwa ukawarudia wengi, na Koch akaongeza kipimo. Wagonjwa wapatao 20 wakapofuka, wala hawakuona tena.

Upofu huo unaeleza jambo juu ya mwili. Neva ya jicho, tofauti na neva za mkono au mguu, ni sehemu ya ubongo wenyewe iliyochomoza mbele, nayo imevikwa tando zile zile tatu. Aseniki iliyoshindwa kuviangamiza vimelea vyote mle ubongoni ilikuwa na nguvu za kutosha kuiua njia ya kuonea. Na upofu huo unaeleza jambo jingine juu ya wale waliotibu. Watu wa Sese hawakuulizwa kama walikubali kipimo kiongezwe. Kwa maoni yangu Koch hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu mwenye haraka, aliyekuwa na serikali nyuma yake na wagonjwa wasioweza kumshtaki mbele yake. Historia ya utabibu katika makoloni ina watu wengi wa namna hiyo, na historia ya misheni pia inao.

Wakati huo huo ugonjwa ulikuwa unakuja Ziwa Tanganyika kutoka magharibi. Misafara, askari na mashua za Dola Huru ya Kongo ziliwasafirisha watu kwa wingi na kwa mbali kuliko zamani, na vimelea vikasafiri ndani ya damu yao. Mbung'o wa ufukweni, apendaye kivuli cha vichaka vya kando ya maji, alikuwako tayari, akingoja kwenye viteko vya maji na mahali pa kuegesha mitumbwi. Koch alipoondoka mwaka 1907, kazi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ikaongozwa baadaye na mwanafunzi wake Friedrich Karl Kleine. Kleine ndiye aliyethibitisha, kufikia mwaka 1909, kwamba mbung'o hahamishi vimelea kama sindano chafu ihamishavyo uchafu, bali vimelea hukua ndani yake kwa muda wa wiki kama tatu kabla ya kuweza kumwambukiza mtu.

Makambi yakajengwa kando ya ziwa, mojawapo likiwa Niansa, katika nchi ambayo leo ni Burundi. Ujiji palikuwa makao ya serikali ya wilaya. Wasaidizi wa Kiafrika walifundishwa kupapasa tezi za shingo, wakazunguka vijijini kuwatafuta wagonjwa. Vichaka vya ufukweni vikafyekwa. Safari za kuvuka ziwa zikawekewa masharti. Ndani ya makambi Atoxyl iliendelea kutumika, kwa kipimo kilichopunguzwa, na katika makambi ya Wajerumani kwa jumla malalamiko yalikuwa yale yale: wagonjwa walitoroka. Waandishi wa ripoti waliona ujinga. Mimi naona hesabu. Mtu wa hatua ya kwanza hujiona mzima, au ana homa kama ya malaria. Anaambiwa aache shamba na nyavu zake, achomwe dawa iumizayo, akae na watu anaowaona wakifa. Aliye katika hatua ya pili ndiye aliyeonekana mgonjwa, naye ndiye ambaye dawa haikumsaidia. Mwanakijiji aliyetazama kwa macho yake angeweza kusema kwa haki kwamba wanaoingia kambini hawaponi.

Kwa nini dawa haikuwasaidia? Jibu lilipatikana mbali na Ziwa Tanganyika, lakini halikuwa mbali na ugonjwa wetu. Katika kutafuta dawa ya vimelea vya malale, wanakemia wa Ulaya walijaribu rangi za kutia nguo, wakitumaini kupata rangi itakayovishika vimelea na kuviua. Mojawapo ilikuwa rangi ya buluu iliyopewa jina kutokana na vimelea hivyo, buluu ya tripani. Haikuwa dawa ya kutegemewa kwa binadamu. Lakini Edwin Goldmann, daktari Mjerumani aliyewahi kufanya kazi pamoja na Paul Ehrlich, aliidunga katika damu ya wanyama, na mnyama mzima akawa buluu ndani yake: ini, figo, ngozi, yote isipokuwa ubongo na uti wa mgongo, ambavyo vilibaki vyeupe. Mwaka 1913 akaidunga katika majimaji ya ubongo, na safari hii ubongo ndio uliokuwa buluu. Kumbe kati ya damu na ubongo pana ukuta.

Ukuta huo haumo mahali pamoja kama ua wa nyumba. Umo katika kila mshipa mdogo wa damu unaopita ubongoni. Mahali pengine mwilini chembe za kuta za mishipa hiyo zimeachana kidogo, na vitu vingi hupenya. Ubongoni zimeshonwa pamoja kwa kubanana hata karibu kila kitu lazima kiombe ruhusa ya kupita. Hewa na sukari hupita, nyingi za sumu huzuiwa. Dawa nyingi huzuiwa pia. Vimelea vya malale, kwa bahati mbaya, huweza kuvuka ukuta huo polepole. Vikiisha kuwa ndani, ukuta uliowekwa kuulinda ubongo unavilinda vyenyewe dhidi ya dawa. Mganga aliyechoma sindano mkononi mwa mgonjwa wa Niansa mwaka 1910 alikuwa anabisha mlango uliofungwa, asijue kwamba upo.

Historia ya dawa zilizofuata ni historia ya kuutafuta ufunguo wa mlango huo. Suramini, iliyotengenezwa Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ni dawa nzuri ya hatua ya kwanza lakini haivuki. Triparsamidi iliyojaribiwa na daktari Mmarekani Louise Pearce huko Léopoldville kuanzia mwaka 1920 ilivuka, ikaokoa wengi, lakini nayo ilikuwa na aseniki na iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Mwaka 1949 ikaja melasoprili ya Ernst Friedheim. Ilivuka, na kwa miongo mingi ndiyo iliyokuwa tegemeo la mwisho. Waliochomwa walisema ni kama moto ndani ya mshipa, na kati ya wagonjwa 100 wapatao 5 waliuawa na dawa yenyewe, kwa sababu ubongo wao uliwaka uvimbe. Daktari aliyeitumia alijua hivyo, na mgonjwa akiachwa bila dawa angekufa bila shaka.

Wabelgiji waliitwaa Kigoma na Ujiji mwaka 1916, na Waingereza wakaipokea nchi hiyo mwaka 1921. Wakati wao shida kubwa ilikuwa aina ya pili ya malale, iliyotambuliwa na wataalamu mwaka 1910 kutokana na mgonjwa aliyeambukizwa katika bonde la Luangwa. Ile ya kwanza, iliyotoka Kongo, huua kwa miaka. Hii ya pili huua kwa miezi, na mbung'o wake ni wa miombo, aishiye penye wanyama pori. Jawabu la Waingereza lilikuwa kuwahamisha watu. Katika miaka ya 1920 na 1930 maelfu ya watu wa Buha na Unyamwezi waliondolewa katika vijiji vilivyotawanyika na kukusanywa katika makazi yaliyofyekwa vizuri. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alidai kwamba pori lenye mbung'o lilipanuka kwa sababu utawala wa kikoloni, sotoka na vita vilikuwa vimewavunja watu waliokuwa wakilizuia kwa majembe na ng'ombe wao. Wanahistoria wengine wameona amezidisha. Katika sehemu kubwa nakubaliana naye, lakini mjadala huo unahitaji makala yake.

Sisi tunaosoma Maandiko tuna shida yetu ya lugha hapa. Kiebrania cha Agano la Kale hakina neno la ubongo. Mawazo huwekwa moyoni, hisia za ndani huwekwa figoni, uhai katika damu na pumzi. Kiswahili chetu nacho husema moyo umekataa, moyo umeghafilika. Lugha hiyo ni nzuri, nasi hatutaiacha. Lakini haitupi mahali pa kuweka ugonjwa wa ubongo, kwa hiyo huwa tunauweka moyoni, na ugonjwa wa moyo katika lugha hiyo ni dhambi. Katika Mathayo 17 Biblia yetu ya Kiswahili inamtaja kijana kuwa na kifafa, ambapo neno la Kiyunani lahusu kupigwa na mwezi, na mistari michache baadaye pepo anatajwa. Mwenye kuhubiri sura hiyo huchagua, apende asipende, jinsi mama wa mtoto mwenye kifafa atakavyorudi nyumbani. Huko Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alipoanzisha huduma ya wagonjwa wa kifafa, aliwakuta wengi wenye makovu makubwa ya moto: walikuwa wameanguka jikoni, na watu waliogopa kuwagusa ili kuwaondoa.

Malale yana hatari kubwa zaidi ya kueleweka vibaya kuliko kifafa, kwa kuwa mgonjwa haanguki. Anabadilika tu. Mzee wa kanisa anaacha kuja vikao, anawatukana wanawe, anasinzia kwenye ibada; baraza linakaa na kumwondoa katika uzee wake kabla mtu yeyote hajauliza kama alikuwa porini kurina asali au kuchoma mkaa, kama alipata homa, kama usiku analala. Maombi yanaweza kufanyika siku hiyo hiyo. Lakini kwa ugonjwa unaoua kwa miezi, wiki sita za kufukuza pepo kabla ya kupima damu ni muda ambao vimelea vinauhitaji ili kuvuka ukuta.

Katika miaka ya karibuni wagonjwa wanaoripotiwa Tanzania wamekuwa wachache sana, na uchache huo una hatari yake, maana mganga kijana wa zahanati anaweza kumaliza miaka kumi kazini asimwone hata mmoja. Malale ya Kongo hayaonekani tena upande wetu wa ziwa. Yaliyobaki ni yale ya porini. Dawa nayo imebadilika. Feksinidazoli, ambayo ni vidonge, ilipata idhini ya wakaguzi wa dawa wa Ulaya mwaka 2018 kwa ajili ya aina ya kwanza. Baada ya kujaribiwa Malawi na Uganda, iliidhinishwa kwa aina ya pili pia, na Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika mwongozo wake mwaka 2024. Huvuka ukuta wa ubongo bila aseniki. Humezwa kwa siku 10, kila siku pamoja na chakula, maana bila chakula tumboni haiingii mwilini kwa kiasi cha kutosha. Kwa hiyo mgonjwa aliyelazwa mbali na kwao anahitaji mtu wa kumpikia na kukaa naye kila siku mpaka amalize kula.